Gari likiwa baridi linawaka, likipata moto linagoma: “tak” moja ya stata ina maana gani?

“Nina Toyota HiAce ya mwaka 1998, injini ya dizeli 3L, gia za mkono. Asubuhi inawaka mara moja bila shida. Shida ni mchana. Nikishusha mzigo sokoni na kukaa kama dakika 15 au 20, nikigeuza funguo nasikia ‘tak’ moja tu, basi. Taa za dashibodi hazizimi. Nikirudia mara nne au tano, ghafla stata inazunguka kama vile haikuwa na tatizo. Siku nyingine inagoma kabisa, nasukumwa, na inawaka kabla ya mita kumi. Nimeshanunua betri mpya ya N70, hali ni ileile. Fundi mmoja ameniambia ni plagi za hita, wa pili anasema pampu ya dizeli, wa tatu anataka nibadili stata nzima. Kibaya zaidi, nikiipeleka gereji inawaka kila mara. Nianzie wapi?”

Ndugu yangu, umeshatoa pesa ya betri na sasa unatakiwa utoe nyingine ya pampu, plagi au stata, kila fundi na lake. Usinunue kitu chochote kwa sasa. Maelezo yako yamebeba dalili ambazo tayari zinawaondoa wawili kati ya mafundi hao watatu.

Tuanze na kusukumwa. Injini ya dizeli inayowaka kabla ya mita kumi ina mafuta yanayofika, pampu inayosukuma, nozeli zinazopuliza na mgandamizo wa kutosha. Pampu ingekuwa mbovu, au kungekuwa na hewa kwenye mipira ya dizeli, wangekusukuma mpaka wachoke. Plagi za hita nazo kazi yake ni kupasha chumba cha mwako injini ikiwa ya baridi. Zikifa, taabu huwa alfajiri: stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) inazunguka vizuri kabisa, moshi mweupe unatoka, injini haishiki. Wewe alfajiri huna shida, na mchana stata haizunguki kabisa. Hapo watu wengi huchanganya mambo, kwa sababu wote husema tu “gari haliwaki”. Injini inayozunguka bila kuwaka na injini isiyozungushwa kabisa ni magonjwa mawili tofauti. La kwanza hutafutwa kwenye mafuta na joto. La pili, ambalo ndilo lako, hutafutwa kwenye umeme unaoanzia betri, unapita kwenye stata na kurudi betri.

Fundi wa tatu amekaribia, ila amekaribia kwa gharama kubwa kuliko inavyohitajika. Ili uone kwa nini, itabidi tuifungue stata kwa maneno kwanza.

Juu ya stata kuna kifaa kinachoitwa solenoidi. Ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kusukuma gia ndogo ya stata ishike meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), na kufunga swichi nzito inayoruhusu umeme mkubwa uingie kwenye mota. Kwenye stata nyingi za Denso, ambazo ndizo zinazokutwa kwenye magari kama lako, swichi hiyo ni kisahani cha shaba kilichovaliwa kwenye planja, yaani fimbo ya chuma inayovutwa kwa sumaku. Mbele yake zimekaa kontakti mbili za shaba. Moja imeungwa na waya mnene wa betri, nyingine inaelekea ndani ya mota. Ukigeuza funguo, sumaku inavuta planja, kisahani kinagonga kontakti zote mbili, mota inazunguka. Ile “tak” unayoisikia ni planja ikifika mwisho wa safari yake.

Kila kisahani kinapogusa na kuachia, cheche kubwa inaruka na kula shaba kidogo. Baada ya miaka mingi ya kuwasha na kuzima, kontakti moja, mara nyingi ya upande wa betri, huliwa kuliko mwenzake. Ukizitoa utaiona: iliyokuwa na uso bapa sasa ina bonde, kingo zake zimeungua na kuwa nyeusi, na unga wa shaba umejaa ndani ya kikombe cha solenoidi. Sasa planja inakwenda mpaka mwisho, “tak” inasikika, lakini kisahani kinagusa kontakti moja na kuikosa ya pili, au kinaigusa kwa ncha tu. Umeme haupiti. Kisahani kimevaliwa kwa namna ambayo kinaweza kuzunguka kidogo kwenye planja yake, kwa hiyo kila unaporudia funguo kinaweza kugusa kwa upande mwingine. Jaribio la tano likikutana na sehemu ambayo bado ni nzima, stata inazunguka kwa nguvu zote. Ndiyo maana haionyeshi dalili ya kuchoka: mota yenyewe ni nzima, umeme ndio ulikuwa haufiki.

Na joto je? Kwenye HiAce ya umbo lako injini iko chini ya viti vya mbele, imefunikwa. Gari likitembea, upepo unapunguza joto. Ukizima, upepo unakoma na joto la bloku linapanda kwenye kila kilicho jirani, stata ikiwemo. Dakika 15 hadi 20 baada ya kuzima ni muda mbaya kuliko hata wakati wa safari. Waya wa shaba ukipata moto ukinzani wake huongezeka, kiasi cha asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Koili ya solenoidi ikitoka nyuzi 30 asubuhi ikafika 90 mchana, inapokea umeme pungufu kwa karibu moja ya tano, na sumaku inavuta kwa unyonge. Asubuhi sumaku yenye nguvu inakibana kisahani kwenye kontakti iliyolika mpaka umeme unapita. Mchana haiwezi. Fundi aliyeliwasha gari lako gerejini baada ya kulifunua na kulipoza hakukudanganya, alilijaribu tu saa ambayo halina ugonjwa.

Hivyo mimi nashuku kontakti kwanza. Lakini shuku si kipimo, na kuna mambo mengine matatu yanayoweza kutoa sauti hiyohiyo: muunganiko mbaya kwenye nyaya nene, swichi ya funguo iliyochoka, na brashi za kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zilizoisha ndani ya mota. Vipimo vya kuvitenganisha havihitaji zaidi ya mita ya kawaida, balbu mbili ndogo na uvumilivu.

Kabla ya yote, usiamini betri kwa sababu tu ni mpya. Iache gari imelala usiku, asubuhi pima kabla ya kugusa funguo. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, 12.0 ni karibu tupu. Injini ikiwaka isome tena, inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, altaneta haichaji na betri yoyote utakayonunua itakufa. Wakati stata inazunguka, betri isishuke chini ya volti 9.6 hivi.

Kisha nyaya nene. Hapa kuna jambo linalowapita wengi: waya unaweza kuonekana mzima, ukaonyesha volti 12 kwenye mita, na bado ukashindwa kabisa kuzungusha stata. Mita haivuti umeme wowote wa maana, stata ya dizeli inaweza kuvuta ampea 250. Kutu yenye ukinzani wa omu 0.01 tu, kitu ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukisoma, inameza volti 2.5 stata inapovuta kiasi hicho. Kwa hiyo waya hupimwa ukiwa kazini. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha chanya cha betri (kichwa, si temino iliyokivaa) na nyingine kwenye boliti ya stata inayopokea waya mnene. Mwenzako apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.5, kuna upotevu upande wa chanya. Rudia upande wa hasi: kichwa cha hasi cha betri na mwili wa stata, hapo isizidi 0.3. Gari liwe gia huru na breki ya mkono imevutwa, na mtu asiwe chini ya gari wakati stata inapigwa.

Ukikosa mita, upande wa hasi una kipimo cha haraka. Gari likigoma, chukua waya wa kuazimia moto, unga upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Likiwaka papo hapo, waya unaounganisha injini na bodi umeoza au boliti yake imelegea. Temino zenye unga mweupe au wa kijani zioshe kwa magadi soda na maji ya moto (baada ya kuzifungua, hasi ikitangulia), zikwangue kwa msasa mpaka zing’ae, zikaze, kisha paka mafuta ya mgando. Hiyo ni kazi ya nusu saa na inapaswa kufanyika hata kama tatizo liko kwingine.

Nyaya zikishapita mtihani, tunafika kwenye kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa tatizo la kuja na kuondoka, kwa sababu kinakaa garini kukusubiri. Chukua balbu mbili ndogo za volti 12, wati 5. Kutoka ile boliti au soketi ndogo ya stata inayopokea waya mwembamba wa funguo, vuta waya mpaka kwenye dashibodi na uunge balbu ya kwanza. Kutoka boliti kubwa ya pili ya solenoidi, ile inayoingiza umeme kwenye mota, vuta waya wa balbu ya pili. Upande wa pili wa balbu zote mbili uunge kwenye bodi. Kila waya uwe na fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na stata, na ufungwe mbali na egzosi na vitu vinavyozunguka. Fungua hasi ya betri kabla ya kugusa chochote pale, maana ule waya mnene hauzimwi na funguo.

Sasa endesha kama kawaida. Siku ligomapo, shikilia funguo sekunde mbili na utazame balbu. Ya kwanza isipowaka, au ikiwaka kwa unyonge, umeme wa funguo haufiki: tafuta kwenye swichi ya funguo, rilei ya stata (swichi inayoamrishwa kwa umeme mdogo) kama ipo, au soketi iliyolegea. Ya kwanza ikiwaka vizuri, “tak” ikasikika, na ya pili ikabaki giza, kontakti hazipitishi. Zikiwaka zote mbili na stata imenyamaza, kontakti zimefanya kazi yao, umeme umefika mlangoni mwa mota na kukwama. Hapo ni brashi zilizoisha, au waya wa hasi wa injini uliouponya na umerudia. Siku moja ya kugoma inatosha kukupa jibu ambalo gereji tatu hazikuweza kukupa.

Hutaki kusubiri? Tengeneza ugonjwa mwenyewe. Endesha nusu saa, simama juani, zima, subiri dakika 15, piga stata. Rudia mara kadhaa. Ukitaka kupiga stata bila injini kuwaka, chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu na uuzibe usiguse chuma. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, iachie dakika moja au mbili ipoe.

Mita pia ina neno la kusema kuhusu ule waya mwembamba. Pima pale kwenye stata wakati funguo imeshikiliwa. Ikiwa betri ina 12.3 na pale unasoma 9 au 8, swichi ya funguo na waya wake mrefu vinakula umeme njiani, na joto linamalizia. Hapo kuongeza rilei ya ampea 40, ichukue umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi, na waya wa funguo ubaki na kazi ya kuamrisha rilei tu, ni tiba nzuri na ya gharama ndogo. Lakini tahadhari: rilei inaongeza nguvu ya sumaku, kwa hiyo inaweza kuficha kontakti zilizolika kwa miezi kadhaa. Usifurahie haraka.

Tuseme balbu zimesema ni kontakti. Una njia nne. Unaweza kununua stata mpya, na ukipata halisi umemaliza, ila ni ghali na stata mpya za bei ya chini hudumu kidogo. Unaweza kununua ya mtumba, ambayo kontakti zake zina umri uleule wa zako. Ukiinunua, ifungue kabla ya kuifunga. Unaweza kuikabidhi kwa fundi wa stata aikarabati yote. Au ubadili kontakti na planja peke yake, kifaa ambacho bei yake haikaribii ya stata nzima. Kwa stata inayozunguka kwa nguvu pindi ikikubali, mimi ningechagua hii ya mwisho bila kusita.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Fungua hasi ya betri. Toa stata. Upande wa nyuma wa solenoidi kuna kifuniko cha duara chenye skrubu tatu. Kifungue, toa planja na springi yake, ukiangalia springi imekaaje. Kontakti mbili zimeshikwa na nati za boliti zile kubwa za nje. Chora au piga picha mpangilio wa vikingio vya umeme na vile vipete vya chini ya nati (washa) kabla ya kuvigusa, maana ukikosea kimoja, boliti ya chanya itagusa mwili wa stata na hapo utaona moto. Kontakti zina maumbo tofauti, kwa hiyo nenda dukani na zile za zamani mkononi. Nunua na planja, kwa sababu kisahani kilichochimbika kitaziharibu mpya mapema. Futa unga wote wa shaba. Unapokaza, hakikisha nyuso za kontakti mbili ziko usawa: bonyeza planja kwa kidole, kisahani kiguse zote mbili kwa pamoja. Kikigusa moja kabla ya nyingine, umerudisha ugonjwa uleule ukiwa mpya. Usikaze kupita kiasi, kikombe ni laini. Rudisha mpira wa kifuniko, ukiwa umekakamaa weka mwingine, vumbi na maji visiingie.

Stata ikiwa mezani, tazama na brashi. Zikiwa chini ya milimita 10, au zinakwama kwenye vishikizi vyake, zibadilishe sasa. Kugeuza kontakti kichwa chini au kuzijaza kwa kuchomelea, kama wengine wanavyofanya, kunaweza kukufikisha nyumbani, lakini usikuhesabu kuwa matengenezo.

Kuhusu kuigonga stata kwa spana: inasaidia wakati mwingine, kwa sababu mtikisiko unazungusha kisahani au kuirudisha brashi mahali pake. Igonge polepole kwenye mwili, si kwenye solenoidi, na uichukue kama dalili. Kuunganisha boliti za stata kwa bisibisi ni jambo jingine, na nakuomba usilifanye. Cheche zake zinayeyusha chuma, na gari likiwa kwenye gia linaweza kuruka na kukupanda ukiwa chini yake. Hata kusukumwa kuwe kwa tahadhari: injini ikiwa imezimika, breki na usukani vinakuwa vizito sana.

Kuna hali ambazo hupaswi kusubiri. Kontakti zilizolika zinaweza kuyeyuka na kushikana na kisahani, stata ikaendelea kuzunguka hata baada ya kuachia funguo. Ikitokea, fungua hasi ya betri mara moja. Weka spana yake mahali unapofikia bila kutafuta. Ukisikia kelele ya kusaga meno, acha kupiga, kwani meno ya flaiwili yakiisha itabidi gia boksi ishushwe. Na kama injini imekuwa ikipunguza maji bila kuvuja nje, kisha siku moja stata ikagota “gu!” na kusimama, usilazimishe wala usisukumwe. Maji yanaweza kuwa yamejaa ndani ya silinda, na kulazimisha kunapinda fimbo za pistoni. Hapo gari livutwe mpaka kwa fundi.

Ukienda kwa fundi wa umeme wa magari, usimwambie “haliwaki”. Mwambie: likipoa linapiga, likikaa dakika 15 baada ya safari linatoa “tak” moja, balbu ya funguo inawaka, ya mota haiwaki, nyaya zimepimwa zikapoteza kiasi fulani. Mwombe aifungue solenoidi mbele yako, na akurudishie kontakti za zamani.